Swali la Mzee Murchadh

Ijumaa, tarehe 6 Machi 2009, saa sita na dakika kumi mchana, mvua ya mawe ilikuwa ikiyapiga madirisha ya kanisa la Cnoc Ruadh, magharibi ya kisiwa cha Lewis, Uskoti, kwa nguvu kiasi kwamba mchungaji mgeni alilazimika kulirudia jina aliloliita.

"Fionnlagh wa Posta. Nimemwona akiingia. Simama, ndugu, tukusikie."

Hakuna aliyegeuza shingo, kwa maana kwetu mtu mwenye adabu hageuki kanisani. Lakini kila mmoja aliacha kumung'unya peremende yake.

Ijumaa ya wiki ya Meza ya Bwana ndiyo Siku ya Swali. Mzee mmoja wa kanisa husimama na kuuliza zipi alama za mwamini wa kweli, kisha wanaume washiriki huitwa mmoja mmoja kujibu kwa yale waliyoyapitia. Wanawake husikiliza. Siku hiyo aliyeuliza alikuwa Mzee Murchadh, mkuu wa wazee, mjane, mtu ambaye hata mbwa wake hakubweka Jumapili, siku ya Sabato. Swali lake lilikuwa hili: ni alama gani zinazomtenga mteule aliyeanguka, ambaye Mungu atamwinua, na mtu aliyekaa nasi na kuimba nasi, kisha akatoka kwa sababu hakuwa wetu tangu mwanzo?

Wenye macho walielewa. Mzee alikuwa amemwona aliyeketi nyuma, katika kiti cha marehemu Ciorstaidh.

Fionnlagh alikuwa mwana wa Ciorstaidh, aliyezikwa Jumanne. Baba yake alikuwa mgawa barua, ndiyo maana ya jina la Posta. Zamani yeye ndiye aliyekuwa akiongoza zaburi kanisani humo, na watu walikuja kutoka parokia nyingine kuisikia sauti yake. Alikuwa pia mchumba wa Marsaili, binti pekee wa Mzee Murchadh. Kisha, majira ya kuchipua ambayo wangefunga ndoa, alikwenda kwa wazee akawaambia kwamba haamini tena, akapanda meli kwenda Glasgow.

Mzee Murchadh alimwambia binti yake maneno machache. Alimwambia kwamba yule hakuiacha imani, kwa kuwa mtu hawezi kutoka mahali ambapo hakuwahi kuingia. "Na kama alivyokuwa kwa Mungu, ndivyo alivyokuwa kwako: hakukupenda kamwe." Marsaili aliyameza maneno hayo kama mtu amezavyo shubiri, na miaka sita ikapita akiishi kwa dawa hiyo. Kisichowahi kuwepo hakiwekewi matanga.

Mchungaji mgeni, aliyetoka kisiwa cha Skye, hakuyajua hayo. Aliikumbuka sauti tu.

"Sina la kusema, Bwana Mchungaji," Fionnlagh alijibu akiwa ameketi.

Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na ni kosa ambalo watu wa kwetu tu wangelifanya. Kila anayeitwa Siku ya Swali hujibu hivyo kwanza. Anayeruka kusimama hushukiwa kiburi. Anayekataa huonekana ana neema.

"Wote husema hivyo," mchungaji alisema kwa upole. "Aliye na kidogo ndiye tunayemtaka."

"Mimi sina hata kidogo."

Mguno wa kuridhika ukapita kwenye viti. Shangazi Oighrig, dada yake Mzee Murchadh, ambaye sikio lake la kushoto lilikwisha kufa na kwa hiyo hakuijua sauti ya kunong'ona, alimwinamia Marsaili.

"Umemsikia? Amerudi kundini, mtoto wa Ciorstaidh. Unyenyekevu kama huo haununuliwi dukani."

Mzee Murchadh aliinua kiganja kutoka kiti cha wazee. Lakini mchungaji akishamwita mtu, hakuna wa kuingilia kati. Mzee alilijua hilo kuliko wote, maana ndiye aliyekuwa akiwakaripia walioingilia. Akakishusha kiganja.

Fionnlagh akasimama.

"Nimewasikiliza wazee wangu tangu asubuhi," alisema. "Mmetaja kuichukia dhambi yako kuliko ya jirani. Mmetaja kulia mahali ambapo hakuna mtu. Zote nilikuwa nazo, na sikuziigiza. Mzee Murchadh aliwahi kunikuta zizini kwake nikilia kwa sala, akaurudisha mlango taratibu asinikatize. Yeye anajua."

Mzee Murchadh alikuwa akiitazama kofia yake magotini.

"Sasa sinazo. Hakuna aliyeniibia. Nilisimama Sabato moja kuongoza zaburi, nikasikia sauti yangu peke yake. Mkisema sikuwa nazo kamwe, siwalaumu; ndivyo tulivyofundishwa sote. Ila kama mimi sikuwa nazo, basi hakuna mmoja humu anayeweza kuapa kwamba anazo."

Mvua ya mawe ikapungua, kana kwamba nayo ilitaka kusikia.

"Sikuja kubishana. Mama aliniomba niketi kwenye kiti chake Ijumaa moja. Sina kinyongo na mtu. Hata pale niliporudi kugonga mlango fulani, nikaambiwa jina langu halitajwi ndani, nilielewa, nikaenda zangu."

Akaketi. Mchungaji alitangaza zaburi kwa haraka, na aliyeiongoza aliianza juu mno, hata ikawashinda wote katikati.

Marsaili hakuimba. Alikuwa akiufikiria mlango. Katika parokia nzima, ni nyumba moja tu ambayo Fionnlagh angekuwa na sababu ya kuugonga mlango wake.

*

Wiki ya Meza kila nyumba hupokea wageni kutoka parokia za mbali, na Shangazi Oighrig alizoea kusema kwamba wiki hiyo hata paka huhamishwa kitandani. Marsaili aliwapakulia wageni mchuzi wa kondoo na viazi, akawamiminia chai, akasikiliza jinsi walivyolijadili tukio la kanisani kwa kutolitaja. Kisha akatoka kwenda kibanda cha kufumia, nyuma ya nyumba. Mtambo wake wa kufuma sufu ulikuwa umefunikwa shuka, maana wiki hiyo hafumi mtu. Akapiga simu nyumbani kwa marehemu Ciorstaidh. Namba ile vidole vyake havikuwa vimeisahau.

"Nyumba ya marehemu Ciorstaidh," sauti ilijibu.

"Mlango wa nani?"

"Marsaili."

"Nimekuuliza, Fionnlagh. Mlango wa nani?"

"Unataka niseme kwa kinywa changu? Wenu."

"Njoo kwenye kibanda. Pita nyuma, nyumba imejaa."

"Watu wataona."

"Watu wamekwisha kusikia. Kuona ni nyongeza."

Alikuja akiwa na chembe za barafu mabegani, akabaki amesimama mlangoni kama mtu aliyeleta kifurushi. Alikuwa amenenepa kidogo. Marsaili hakumpa kiti.

"Ulikuja lini?"

"Februari, mwaka uliofuata. Nilishuka melini nikaja moja kwa moja hapa. Baba yako alifungua."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Alisema uko ndani, hutaki kuniona."

"Februari ile nilikuwa mbali, huko Harris, nikimuuguza Shangazi Oighrig."

Fionnlagh alivua kofia, akaivaa, akaivua tena.

"Nilimwambia kwamba nitaketi kando yako kanisani kila Sabato, hata kama siamini," alisema. "Watoto watasoma katekisimu, na sitacheka wala kuzuia. Nilitaka wewe tu. Akaniambia umeagiza jina langu lisitajwe. Nilipiga simu baada ya hapo, kila mara akapokea yeye. Mara ya mwisho alisema: mwache apone."

"Sikuagiza kitu."

"Sasa naona."

Kutoka nyumbani kilisikika kicheko cha Shangazi Oighrig, kisha vyombo.

"Ungenikubali?" Fionnlagh aliuliza.

Marsaili alifikiri kwa uaminifu, kwa maana hivyo ndivyo alivyolelewa.

"Sijui. Huenda ningekataa. Lakini ningekataa mimi."

Akaivuta shuka ya mtambo ikae sawa, ingawa ilikuwa sawa. Kisha akauliza kile ambacho moyo wake ulikuwa umekitangulia tangu kanisani.

"Na sasa? Umesimama hapa sasa."

"Sasa nina mke, Marsaili. Anaitwa Rhona. Tunatarajia mtoto mwezi wa sita."

Marsaili alicheka, kicheko kifupi kisicho na mwanga ndani yake.

"Shangazi kasema wewe huuzwi dukani. Kumbe mzigo umeshachukuliwa."

"Niliwaza kukuambia kwenye simu."

"Ungeniambia, usingekuja. Simama hapo hapo, usisogee." Akapangusa macho kwa haraka, kwa nyuma ya mkono. "Mke mwema?"

"Mwema."

"Haya."

"Baba yako atakuambia: unaona, hakukupenda kamwe, maana angekupenda angengoja. Usimkubalie. Nilikupenda. Nilingoja, hadi siku moja nikajikuta singoji tena. Ilikuwa kama ile zaburi."

"Usinifananishe na zaburi, Fionnlagh."

"Samahani."

"Nenda kwa mkeo. Na upite nyuma."

Saa moja baadaye simu yake ilitetema akiwa jikoni anakata mkate. Ujumbe ulisema: "Nisamehe kwa kusema mbele ya watu. Sikujua kuwa hukujua." Alijibu kwa kidole chenye siagi: "Ulisema kweli. Usiombe radhi kwa hilo." Kisha akaifuta namba.

*

Jioni, wageni walipoanza sala ya nyumba, Marsaili aliingia sebuleni akasema kwamba mboji ya kuchoma imekwisha na baba aje amsaidie kubeba. Kapu la mboji, mabonge makavu ya udongo wa kinamasi tunayoyachoma badala ya kuni, lilikuwa limejaa pale pale kando ya moto. Mzee Murchadh aliliona, akainuka.

Katika banda la mboji palikuwa na taa moja. Baba alisimama chini yake, mrefu, suti nyeusi imefungwa vifungo vyote.

"Alikuja?" Marsaili aliuliza.

"Alikuja."

Hilo nampa heshima yake: hakuzungusha maneno.

"Ukamwambia nimekataa."

"Nilimwambia."

"Na mimi ukaniambia hakunipenda kamwe."

"Nilikuwa nakulinda, mwanangu. Ungemfuata. Mwaka wa kwanza ungesali peke yako, wa pili ungesali kwa siri, wa tatu usingesali. Nimewaona waliokwenda hivyo. Wengine nimewazika."

"Baba, ni nani aliyenifundisha kwamba walio wa Mungu hushikwa na mkono ambao hakuna awezaye kuwapokonya humo?"

"Ni mimi."

"Uliliamini?"

"Naliamini hata sasa."

"Mkono huo ungenishika mbele ya shetani na mbele ya mauti. Mbele ya mtoto wa Posta ukahitaji msaada wako."

Wageni walikuwa wameanza zaburi, polepole, mstari kwa mstari, kama kawaida yetu.

"Ameoa," Marsaili alisema.

Nafuu ilipita usoni mwa mzee, upesi, naye hakuweza kuizuia.

"Basi unaona. Angekupenda kweli, angengoja."

"Alijua utasema hivyo, neno kwa neno. Alinipenda, baba. Mapenzi yakaisha. Sitasema hayakuwepo ili nipate usingizi. Miaka sita nimelala kwa uongo wako, na usingizi huo sasa nimeushiba."

"Na imani yake? Nayo utasema ilikuwepo?"

"Hilo namwachia anayejua. Wewe ulilijibu upesi mno."

Mzee aliokota bonge la mboji lililoanguka, akalirudisha juu ya rundo, akalisawazisha na mengine.

"Unataka nini kwangu?"

"Ulinidai utii, nami nimekulipa tangu utoto, wote. Mimi nakudai neno moja la kweli, mbele ya wale wale uliowatolea swali lako."

"Nitavuliwa uzee wa kanisa."

"Ndiyo."

"Wiki ya Meza, Marsaili. Nyumba imejaa wageni."

"Ulipomtegea Fionnlagh swali, ilikuwa wiki gani?"

*

Jumamosi, baada ya ibada, wazee hugawa vibati. Ni vipande vidogo vya metali, vyeusi kwa vidole vya mababu. Mshiriki hupokea chake Jumamosi na kukirudisha Jumapili anapokwenda Mezani. Asiye na kibati haendi. Na mshiriki anayebaki kwenye kiti chake Jumapili hahitaji kutangazwa. Parokia nzima husoma.

Mzee Murchadh alisimama na bakuli la mbao mbele ya mimbari, kama miaka yote. Watu walipita, mkono kwa mkono. Marsaili alipofika, mikono yake ilibaki ndani ya mifuko ya koti.

"Chukua," baba alisema chini chini.

"Si kwa mkono huo."

"Marsaili, watu."

"Nawaona."

Nyuma yake Shangazi Oighrig akachungulia. "Mstari umekwama kwa nini? Mtu amekufa? Chai inapoa."

Mzee Murchadh alimtazama binti yake, na sidhani kama siku yoyote alikuwa amemtazama hivyo. Kesho angebaki kwenye kiti chake. Watu wangesema: ameanguka kwa ajili ya yule wa Glasgow. Kizazi kizima kingeliulizia jina lake alama Siku ya Swali. Mzee alikuwa amesema uongo ili binti yake abaki kwenye Meza hii. Na sasa uongo ule ule ndio uliokuwa ukimtoa.

Aliliweka bakuli chini. Alimwendea mchungaji akamnong'oneza, wakaingia chumba cha wazee pamoja na wazee wengine, mlango ukafungwa. Watu walikaa. Hakuna aliyeondoka, hata Shangazi Oighrig, na chai yake ikapoa.

Walipotoka, mchungaji alikuwa na uso wa mtu aliyekula kitu kilichochacha. Alisema kwamba ndugu Murchadh ameomba kusema.

Mzee hakupanda mimbarini. Alisimama sakafuni, mikono imeshuka.

"Jana niliwauliza alama za mtu asiyekuwa wetu," alisema. "Kuna moja sikuisikia, naitaja mwenyewe. Fionnlagh wa Posta alikuja mlangoni kwangu kumtaka binti yangu. Nilimwambia kwamba binti amemkataa. Binti hakuwemo nyumbani, wala hakujua. Nilisema uongo kwake na kwa binti, kisha nikaendelea kuwagawia ninyi vibati kwa mkono huu. Hakuna aliyenishawishi. Niliogopa, na nilichokiogopa ni kwamba Mungu hatamshika."

Akatoa kibati chake mwenyewe mfukoni, akakitumbukiza ndani ya bakuli. Kililia mara moja. Kisha akapita katikati ya viti hadi nyuma kabisa, akaketi mahali pa kwanza palipokuwa wazi. Palikuwa kiti cha Ciorstaidh.

Mzee mwingine aliliokota bakuli. Marsaili akatoa mkono mfukoni, akapokea.

Jumapili, meza ndefu ikiwa imetandikwa kitambaa cheupe, Marsaili alikwenda mbele pamoja na washiriki wengine, akala mkate, akanywa divai. Wazee waliobeba vyombo walikuwa wamepungua mmoja. Mzee Murchadh alibaki nyuma, kati ya vijana na watu wasiowahi kuthubutu kwenda mbele, kofia magotini, na wakati wa zaburi midomo yake ilionekana ikitembea.

Mchana wageni walikula chakula kilichopikwa Jumamosi, kwa maana Sabato hatuwashi jiko la kupikia, wakaenda kupumzika. Shangazi Oighrig alimpita kaka yake mlangoni, akamshika bega kidogo, akasema kwamba angalau sasa wamepata jambo la kuzungumza zaidi ya hali ya hewa. Baba na binti wakabaki peke yao jikoni.

"Nimelipa," Mzee Murchadh alisema.

"Umelipa, baba."

"Nimebakiza kitu?"

"Hukubakiza."

Marsaili alimwekea sahani ya viazi baridi na nyama ya kondoo, akamwekea na chumvi. Mzee hakuigusa. Alikuwa akimtazama kwa macho ya mtu anayetafuta njia kwenye ukungu.

"Basi nijibu, mwanangu, wewe unijuaye kuliko wote. Mimi ni yupi? Nimeanguka, nami nitainuliwa? Au sikuwa wenu tangu mwanzo?"

Marsaili alikunja kitambaa cha vyombo mara mbili, akakitundika mahali pake.

"Hilo ni swali la Ijumaa, baba," alisema. "Wanawake hatulijibu."

Akachukua koti lake, akatoka kwenda ibada ya jioni bila kumngoja.